Picha za akili bandia: Ipi ya kupamba, ipi ya kuuzia mzigo?

WAFANYABIASHARA wanaovusha bidhaa kati ya nchi za Afrika Mashariki na majirani zake siku hizi wananunua kwa picha zaidi kuliko kwa macho. Mchele wa Mbarali huonekana kwanza kwenye simu ya mnunuzi aliyeko Lubumbashi, na gari lililotumika Japan hulipiwa na mtu ambaye hajaligusa. Dereva anayesubiri foleni Tunduma hutuma picha ya lakiri kwa tajiri wake ili kumthibitishia kwamba mzigo haujafunguliwa. Picha imekuwa sehemu ya ankara.

Katika mazingira hayo zimeingia programu za kompyuta zinazotengeneza picha kutokana na maandishi, kwa kutumia teknolojia inayoitwa akili bandia, au akili mnemba kama wengi wanavyosema Tanzania. Mtu anaandika sentensi mbili au tatu, na baada ya muda mfupi anapata picha ya lori jekundu likipanda Kitonga, lori ambalo halijawahi kuwepo. Programu hizo ni nyingi, kila moja ina watu wanaoisifia, na mwenye biashara anayetaka tangazo, lebo au bango anabaki akiuliza ipi ni bora.

Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu zipo kazi mbili tofauti. Ipo picha ya kisanii, ambayo mtazamaji anajua kuwa ni mchoro au pambo. Na ipo picha inayofanana na ya kamera, ambayo mtazamaji anaichukua kuwa ni ushahidi. Programu iliyo hodari katika ya kwanza si lazima ifae katika ya pili, na kwa mfanyabiashara kosa la kuzichanganya linaweza kuwa na gharama kubwa.

Tofauti hiyo ilijitokeza mapema. Kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza programu yake ya DALL-E Januari 2021, lakini ni mwaka 2022 ambapo umma ulianza kuzitumia programu hizi kwa wingi, Midjourney ilipofunguliwa kwa watu wote Julai na Stable Diffusion ilipotolewa Agosti. Mwezi huo huo wa Agosti, Jason Allen alishinda tuzo ya sanaa ya kompyuta katika maonyesho ya jimbo la Colorado kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika mashindano ya picha za kamera ya Sony, kisha akaikataa tuzo na kueleza kwamba picha yake haikupigwa na kamera yoyote. Wa kwanza aliwashinda wachoraji, wa pili aliwashinda wapiga picha. Tukio la pili ndilo linalopaswa kumshughulisha anayetuma fedha ng'ambo ya mpaka.

Kwa kazi ya kupamba, Midjourney bado iko mstari wa mbele. Rangi zake zimekolea, mwanga wake unavutia, na hata agizo fupi huleta kitu cha kutazamika. Ada ya chini ni dola 10 za Marekani kwa mwezi, inayolipwa kwa kadi. Anayetaka mchoro wa simba kwa ajili ya ubavu wa basi, au kalenda ya mwisho wa mwaka ya kuwagawia wateja, atapata thamani ya fedha zake. Udhaifu wake unatokana na uzuri huo huo: inapendezesha kila kitu. Ukiomba soko, linakuja kama la kwenye sinema. Ukiomba mwanamke aliyejitanda kanga, mara nyingi kitambaa kinachokuja hakina pindo wala jina, yaani si kanga hata kidogo.

Na hapo kwenye kanga na vitenge ndipo mambo yanapohitaji uangalifu mkubwa, maana ndiyo bidhaa ya mpakani ambayo programu hizi zingeweza kuisaidia kuliko nyingine. Mwenye duka anayeagiza nguo India au China anahitaji miundo mipya kila msimu. Midjourney ina amri ya kutengeneza muundo unaojirudia bila kuonekana ulipoungwa, jambo ambalo mchoraji wa vitenge huhangaika nalo kwa siku kadhaa. Lakini kwa kawaida picha zinazotengenezwa humo huonekana na watumiaji wengine. Uwezo wa kuzificha unatolewa kwa wanaolipia daraja la dola 60 kwa mwezi na kuendelea. Anayelipa dola 10 basi anachora kanga yake sokoni, mbele ya washindani, kabla hata kiwanda hakijapokea oda.

Tatizo jingine ni ukubwa. Picha yenye nukta 1,024 kila upande, ikichapwa kwa kiwango cha kawaida cha uchapaji bora, yaani nukta 300 kwa inchi, inatoa mraba usiofika sentimita 9. Hata programu mpya zinazofikia nukta 4,096 hazizidi sentimita 35. Kanga ina urefu wa takriban mita moja na nusu. Kwa hiyo picha hiyo ni wazo tu la kumpelekea fundi, ambaye ataichora upya kwa programu za usanifu ili iweze kukuzwa bila kuchakaa. Anayeituma kiwandani kama ilivyo asishangae akipokea marobota ya nguo yenye maua yaliyovurugika. Bango au turubai la lori lina nafuu, kwa kuwa hutazamwa kwa mbali.

Kisha kuna maandishi. Programu za mwanzo ziliandika herufi kama mtoto anayeiga, na jina la kanga likikosewa herufi moja mzigo mzima unakuwa kichekesho. Ideogram, iliyoanza mwaka 2023, ilijipatia jina kwa kuandika vizuri. Mtambo wa picha uliowekwa ndani ya ChatGPT Machi 2025 nao unaandika vizuri kuliko DALL-E iliyoutangulia. Hata hivyo Kiswahili si lugha iliyopewa kipaumbele na watengenezaji wake, na lebo yoyote inapaswa kusomwa herufi kwa herufi na mtu anayeijua lugha, hasa sehemu ya uzito, viambato na tarehe, ambazo wakaguzi wa viwango huzitazama kwanza.

Kwa upande wa picha zinazofanana na za kamera, ushindani ni mkali zaidi. Flux, iliyotolewa Agosti 2024 na kampuni ya Black Forest Labs ya Ujerumani, iliyoanzishwa na baadhi ya watu waliotengeneza Stable Diffusion, ilisifiwa kwa ngozi na vidole vya binadamu vinavyofanana na halisi. Google nayo Agosti 2025 ilitoa mtambo uliojulikana kwa jina la utani la Nano Banana, ambao nguvu yake ni kuhariri picha iliyopo bila kubadilisha sura ya kitu chenyewe.

Uwezo huo wa kuhariri ndio wenye manufaa kwa muuzaji wa bidhaa halisi. Mwenye asali apige picha chupa yake kwa simu, kwenye mwanga wa asubuhi, kisha programu iondoe kamba ya kuanikia nguo inayoonekana nyuma. Chupa inabaki ile ile. Akiandika tu "chupa ya asali nzuri" na kuipa programu kazi yote, anachopata ni asali isiyo yake, yenye rangi ambayo nyuki wake hawajawahi kuitoa.

Sheria ina neno juu ya hilo. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, ambazo zote zina asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Picha iliyotumwa kabla ya malipo ni vigumu kuitenganisha na maelezo ya bidhaa. Mnunuzi wa Nakonde aliyeonyeshwa maharage yanayong'aa akapokea yaliyofifia ana hoja ya kukataa mzigo, na gharama za lori lililosimama hazitamsubiri muuzaji aelewane na programu yake.

Stable Diffusion na baadhi ya matoleo ya Flux zina faida nyingine: zinaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya mwenyewe na kufanya kazi bila kutuma chochote nje. Zinahitaji kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu na kijana mwenye subira. Leseni zake nazo hutofautiana. Toleo la Flux liitwalo schnell linaruhusu biashara, lile la dev limewekewa mipaka. Stability AI inaruhusu matumizi ya bure ya matoleo yake mapya kwa wenye mapato yasiyofika dola milioni moja kwa mwaka, kiwango ambacho wauza vitenge wengi wataishi chini yake bila wasiwasi.

Kuhusu nani mwenye picha, majibu yanatofautiana na mipaka. Marekani haitoi haki miliki kwa picha iliyotokana na maagizo ya maandishi peke yake, na Allen wa Colorado alikataliwa usajili mwaka 2023. Sheria ya haki miliki ya Kenya ya mwaka 2001, kinyume chake, inamtambua kuwa mtunzi yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi iliyotengenezwa na kompyuta ipatikane. Aidha, Juni 2025 Disney na Universal ziliishtaki Midjourney kwa madai ya kunakili wahusika wao, kwa hiyo anayefikiria kuweka katuni maarufu kwenye pakiti za biskuti aache. Firefly ya kampuni ya Adobe inauzwa kwa hoja kwamba ilifundishwa kwa picha zenye leseni. Haichangamki kama Midjourney, lakini ni tulivu kisheria.

Upande wa pili wa jambo hili ni ulaghai. Uwezo ule ule unaomsaidia muuza asali unamsaidia pia tapeli. Mwaka 2024 kampuni ya bima ya Allianz nchini Uingereza ilieleza kwamba picha na nyaraka zilizochezewa katika madai ya bima ziliongezeka kwa asilimia 300 kati ya mwaka 2021/22 na 2022/23, nyingi zikiwa za kuongeza uharibifu kwenye picha za magari. Wasafirishaji wa huku wanaijua hoja hiyo kwa namna yao: picha ya bampa lililobonyea, au ya tairi lililopasuka na risiti yake.

Baadhi ya alama zinasaidia. Picha zinazotoka kwenye mitambo ya Google zina chapa isiyoonekana kwa macho iitwayo SynthID, na tangu Novemba 2025 mtu anaweza kupakia picha kwenye Gemini na kuuliza kama imetoka huko. Jibu la hapana halimaanishi picha ni ya kweli, kwani inaweza kuwa imetengenezwa na mtambo mwingine. OpenAI huweka taarifa za asili ndani ya faili, lakini WhatsApp hufuta taarifa za aina hiyo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na pia huibana hadi dosari ndogo zinapotea. Ndiyo maana inafaa kumwagiza dereva atume picha kama faili la nyaraka, ili saa na mahali vilivyorekodiwa na simu vifike pamoja nayo. Hivyo navyo vinaweza kughushiwa, ila inahitaji kazi zaidi.

Kwa makontena kuna kipimo cha zamani kisichohitaji akili bandia. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na kumi zilizotangulia. Mfano unaotumika kufundishia ni CSQU 305438, ambayo tarakimu yake ya mwisho lazima iwe 3. Programu inayobuni kontena kwa picha hubuni namba pia, na namba iliyobuniwa ovyo kwa kawaida hugoma kwenye hesabu hiyo. Tovuti nyingi huikokotoa bure. Tapeli makini atanakili namba ya kontena lililopo kweli, na hapo dawa ni kuiingiza kwenye tovuti ya kampuni ya meli na kuona lilipo: kontena linalodaiwa kuwa Dar es Salaam likionekana liko Santos, Brazil, mazungumzo yameisha.

Wanaonunua Guangzhou na Yiwu wana kinga moja ya ziada. Tangu Septemba 1, 2025, kanuni za China zinataka picha zilizotengenezwa kwa akili bandia ziwekewe alama, ya kuonekana na ya ndani ya faili. Kanuni hizo zinahusu huduma na majukwaa ya China. Picha anayoituma wakala binafsi kwa simu inaweza kukatwa alama hiyo kwa kidole, na mnunuzi anayetaka kuona mzigo wake bado atahitaji kumpigia simu ya video na kumwambia azunguke ghala, afungue boksi ambalo mnunuzi mwenyewe amelichagua, na aisogeze kamera hadi kwenye lebo.