Vita ya Mpunga Katika Asia: Adui na Walinzi Wake

Mnamo mwezi wa Novemba 2023 Serikali ya Vietnam iliidhinisha mpango wa kulima hekta milioni moja za mpunga bora katika delta ya mto Mekong ifikapo mwaka 2030. Wengi waliutazama kuwa ni mpango wa biashara na hali ya hewa. Lakini ndani yake limo sharti linalogusa vita ya zamani: mkulima apunguze mbegu anazomwaga shambani hadi chini ya kilo 70 kwa hekta. Wakulima wengi wa huko wamezoea kumwaga hata kilo 200.

Yafaa tuulize, mbegu zahusianaje na wadudu? Mpunga uliomwagwa ovyo husongamana, na chini kwenye mashina hubaki kivuli na unyevu. Hapo ndipo apendapo kukaa kidudu cha kahawia, mfyonzaji wa maji ya mpunga, ambaye wakizidi shamba hukauka kana kwamba limeunguzwa moto. Miche iliyopandikizwa kwa mistari hupata nafasi na hewa. Hata hivyo, kupandikiza kwahitaji mikono mingi, na mikono hiyo imekwenda viwandani; ndiyo maana Vietnam yahimiza mashine za kupanda kwa mistari.

Mkulima aliyeingiwa na hofu hukimbilia sumu. Indonesia ililipa gharama ya hofu hiyo. Nchi hiyo ilijitosheleza kwa mchele mwaka 1984, na serikali ikabeba sehemu kubwa ya bei ya dawa. Sumu iliwaua buibui, lakini mayai ya adui, yaliyofichwa ndani ya ala za majani, yalisalimika. Yalipoanguliwa hapakuwa na mlinzi. Mwezi wa Novemba 1986 Rais Suharto, mwenyewe jenerali, alipiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga, na kufikia mwaka 1989 ruzuku ya dawa ilikuwa imeondolewa. Amri ya namna hiyo ni nadra kutolewa na mwanajeshi: kuwanyang'anya watu silaha ili washinde.

Walinzi hao hula nini kabla adui hajafika? Swali hili lingemjia upesi afisa yeyote wa ugavi. Watafiti walioongozwa na W. H. Settle, katika kazi yao ya Java iliyochapishwa mwaka 1996, walionyesha kwamba mwanzoni mwa msimu buibui na wenzao huishi kwa vijidudu visivyo na madhara, vinavyokula mabaki ya majani yanayooza majini. Walipoongeza mbolea ya asili, vijidudu hivyo viliongezeka, na walinzi pia.

Hapa ndipo shauri la kupanda wote kwa wakati mmoja linapokuwa gumu. Huko Bali, vyama vya maji viitwavyo subak hupatana siku za kupanda na kupumzisha majaruba, na wadudu hukosa chakula. Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kupanda mfululizo bila kungojeana, na wadudu wakafurika. Lakini katika nyanda kubwa za Java magharibi, zinazopandwa kwa pamoja baada ya ukame mrefu, watafiti waliona walinzi wakichelewa kurudi. Kwa hiyo kupanda pamoja peke yake si dawa. Yategemea ukubwa wa eneo na muda ambao ardhi yakaa kavu.

Kidudu hicho ni cha Asia. Kwetu Afrika ya Mashariki mpunga husumbuliwa zaidi na viwavi wanaotoboa mabua, na pia na ugonjwa wa virusi wa kugeuza majani manjano, uliogunduliwa karibu na Kisumu mwaka 1966 na ambao huenezwa na mbawakawa. Atakayetuletea mashine za kupanda au shehena ya dawa kutoka Asia aulizwe kwanza kama amewahesabu buibui wa majaruba yetu.