Fainali ya Timu Ndogo



Wako wenzetu wanaosema kombe la timu ndogo si kitu, na kwamba mtu kutoa nauli kwenda kulitazama ni kutupa pesa. Sisi hatukubali. Hata Manchester United ilianzishwa na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, mwaka 1878, nayo ilikuwa timu ndogo. Lakini twataka kuwapa habari nyingine ya Uingereza, mpime wenyewe.

Jumapili tarehe 22 Mei, 2016, fainali mbili za timu ndogo zilichezwa katika uwanja mkubwa wa Wembley siku moja, kwa tikiti moja. Walikuja watu 46,781.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Hereford na Morpeth Town. Kilabu cha zamani cha Hereford kilikuwa kimevunjwa na korti Desemba 2014 kwa sababu ya madeni. Watu wa mji hawakukaa kulia. Waliunda kingine, wakaanza tena katika madaraja ya chini, na katika msimu wao wa kwanza tu wakafika London kwa maelfu, wazee na watoto, wamevaa nyeusi na nyeupe. Timu yao ilitangulia kufunga. Kisha Chris Swailes wa Morpeth, mtu wa miaka 45 aliyekwisha kupasuliwa moyo, akasawazisha. (Wale wa karakana wanaojiita wazee wakiwa na miaka thelathini wasikie hilo.) Mwisho wake Morpeth 4, Hereford 1.

Mchezo wa pili Halifax waliwashinda Grimsby 1-0, ingawa msimu uleule Halifax walikuwa wameshushwa daraja. Grimsby ni mji wa wavuvi, na watazamaji wake wana desturi ya kupunga samaki wa plastiki waliojazwa upepo. Wiki moja kabla walikuwa wamekwisha kuja Wembley, wakashinda na kupanda daraja. Nauli mara mbili katika siku nane! Nani atawaambia wametupa pesa?

Sasa tutazame kwetu. Fainali ya mwisho ya timu zetu za kazini iliwekwa Jumatano saa tisa. Wenye zamu walibaki kazini, mama watoto hawakuwa na habari, na kombe likatolewa mbele ya wakubwa wachache na viti vitupu. Wachezaji walijitahidi sana, lakini nani aliwapigia makofi?

Kwa hiyo twaiomba kamati ya michezo iweke fainali Jumapili, michezo miwili pamoja, watoto waingie bure, na pawe na gari la kuwachukua wenzetu wa stesheni za mbali. Wanaokubali wapeleke majina kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Samaki wa plastiki si lazima.