Usaili Hauishii Kwenye Swali la Kwanza

Kampuni zinapokaribia kuja chuoni kusaka wahitimu, katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uhandisi huzunguka faili moja: maswali ya usaili na majibu yake. Ushauri unaoandamana nalo ni mfupi: yakariri haya, umemaliza. Wanaoutoa wana nia njema, na baadhi yao wamepata kazi kweli. Hata hivyo, naomba nitofautiane nao.

Kwanza tuwape haki yao. Fasili na kanuni za msingi ni lazima ziwe kichwani. Katika ajira za serikali, Sekretarieti ya Ajira huweza kuanza na usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, na hapo mwenye kumbukumbu nzuri ana faida. Tena, anayekutana na swali kwa mara ya pili hatetemeki sana.

Lakini mwulizaji naye ana swali la pili. Chukua lile ambalo wanafunzi wa ujenzi hulikariri mapema: kwa nini nondo kuu za bimu iliyokaa juu ya nguzo mbili huwekwa chini? Jibu la kwenye faili ni sahihi. Zege huhimili mgandamizo, ila ikivutwa ni dhaifu, na bimu hiyo ikielemewa, upande wa chini ndio unaovutwa. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kugandamizwa. Sasa mwulizaji anachukua kalamu, anachora kibaraza kilichochomoza ukutani bila nguzo mbele. "Na hapa?" Aliyekariri atasema chini. Aliyeelewa atajiuliza kwanza kibaraza kikielemewa kitapinda kuelekea wapi, ataona mvutano umehamia juu, na nondo ataziweka hukohuko. Kosa hilo likifanyika saiti, kibaraza huanguka.

Pili, faili ni la wote. Watu arobaini wakijibu kwa sentensi zilezile, hata pumzi wakavuta mahali pamoja, mwulizaji hana cha kuwatofautishia. Kisichokuwamo kwenye faili la mwenzako ni daftari lako la PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Tuseme humo uliandika kwamba siku moja maabara, mchemraba wa zege wa milimita 150 ulipasuka kwa kilonewtoni 563. Gawanya kwa eneo la milimita mraba 22,500: ni takriban newtoni 25 kwa kila milimita mraba. Ilikuwa siku ya 7 au ya 28? Kama ilikuwa ya 28 na mchoro ulitaka 30, nani aliambiwa, na saiti ilifanya nini? Mwenye kuyajibu haya amejiandaa, ijapokuwa hajafungua faili lolote. (Wapo waliokwenda PT wakaishia kutumwa chai. Hao nao waseme walichokiona, wasibuni.)

Atatokea wa kuniambia kazi ni kujuana. Siwezi kukana kwamba kujuana kupo, ila hilo haliitetei hoja ya kukariri: asiyejuana na mtu ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuelewa.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, faili lisome jioni moja. Jioni zilizobaki mpe mwenzako kalamu achore jengo lolote, nawe umweleze mzigo unapita wapi mpaka ufike ardhini. Na kama daftari la PT umemwazima mtu, kalidai leo.