Baridi Haijui Kushika Kisu

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja mtaani Nyalenda, mhubiri aliwaita mbele akina mama wote wanaoumwa na mikono. Walitoka wengi, karibu wote wauza samaki. Akawawekea mikono, akaikemea "roho ya baridi", kisha akawaonya wasiguse maji wakitoka motoni. Wakaitikia amina. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki ningepayuka.

Baridi gani, ndugu zangu? Hii ni Kisumu! Saa nane mchana mabati ya Kondele huwezi kuyagusa. Kama baridi ndiyo inayotia mikono ganzi, basi Kinangop na Limuru kusingekuwa na mtu wa kushika kikombe, na sisi wa ziwani tungekuwa wazima. Na mbona unaouma zaidi ni mkono wa kulia? Maji ya ziwa yanalowesha mikono yote miwili. Baridi ilijuaje kuuchagua mkono wenye kisu?

Waya, dada ya marehemu baba yangu, amepaa samaki ufukoni Dunga zaidi ya miaka ishirini. Anaparua magamba ya ngege, anapasua tumbo, anatoa matumbo, anamtupa kwenye beseni, anamshika mwingine. Tangu alfajiri hadi jua kali, kifundo cha mkono kimekunjwa vilevile. Ikafika mahali anaamka usiku wa manane anakung'uta mkono kama mtu aliyeungua. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Kile kidogo cha mwisho kizima kabisa.

Kidole hicho kizima ndicho ushahidi wangu. Ndani ya kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba unaopitisha neva moja pamoja na kano tisa zinazokunja vidole. Kano zikitumikishwa kwa nguvu kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, utando unaozizunguka hunenepa, na kwa kuwa mfereji hautanuki, neva hubanwa. Neva hiyo haifiki kidole cha mwisho. Baridi ingekiacha kwa nini?

Wakamchua Waya kwa mafuta ya taa. Wakamvisha soksi mkononi usiku. Zahanati moja ikamchoma sindano za "baridi yabisi" mara nne, na mara ya nne nilikuwa nimeketi naye. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, na magamba yalikuwa bado yameganda kwenye leso yake. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi (mikono ya makarani iliyochoshwa na kalamu aliiongeza kwenye toleo la 1713), akawasihi madaktari wenzake wamwongezee mgonjwa swali moja: kazi yako ni ipi? Zaidi ya miaka 300 imepita. Waya alipompata daktari wa kumuuliza hivyo, nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imeshabonyea, na hairudi.

Jirani yangu hachoki kunijibu kwamba mama yake aliharibika vidole kwa kupiga pasi kisha kunawa maji baridi. Upuuzi mtupu. Mama huyo alinyoosha nguo za watoto saba kwa pasi ya makaa, nzito kama jiwe, miaka thelathini. Mtu anayaona maji ya dakika moja, pasi ya miaka thelathini haioni!

Twendeni mtaa wa Obunga. Minofu ya mbuta inapelekwa Ulaya, akina mama wetu wanauziwa mifupa, ile mgongo wazi, waikatekate na kuikaanga. Hilo peke yake linanichoma moyo tangu utotoni. Wanaketi mbele ya makarai ya mafuta yanayochemka, na mikono inawauma pia. Hapo baridi imetoka wapi? Na redio zetu, badala ya kuuliza, kila asubuhi zinawatangazia dawa ya kuchua kwa bei ya samaki wawili.

Baridi inapendwa kwa sababu haina mwajiri. Haidaiwi fidia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ipo, ila humlinda mwajiriwa. Mama anayepaa samaki wa wateja ufukoni haimtambui. Na hata aliyeajiriwa, akishaaminishwa kwamba ni baridi, atadai nini?

Viongozi wa ufuko wanatoza ada kila mtumbwi unapotia nanga. Nawataka wanunue vinoo, kwa sababu kisu butu humlazimisha mtu kukikaba kwa nguvu mara dufu. Wajenge meza zinazofika kiunoni, akina mama waache kuinama juu ya mawe. Wapange zamu, anayeparua magamba apumzishe mkono kwa kupima na kuuza. Wauza samaki wa Dunga wameniambia kinoo chao cha mwisho kilivunjika mwaka jana, na tangu hapo wananoa visu kwenye saruji ya ngazi.