MAMBO YA NYUMBANI: Bafu la Mume na Mke



Katika nyumba nyingi za huku Kisaki utaona chumba cha kulala, jiko na ghala ya mpunga. Hata kuku wana kibanda chao. Lakini mahali pa kuoga hapana. Mume huenda mtoni Mgeta jua lingali juu. Mke hungoja giza, akaoga kwa haraka nyuma ya migomba huku akitega sikio. Jambo hili si dogo. Mtu aliyelima kutwa katika joto la bonde letu, naye hana mahali pa kuoga pasipo hofu, hajapewa heshima yake nyumbani mwake.

Wengine watasema, "Mto upo, na chemchemi za maji ya moto zipo; bafu la nini?" Kweli, Mungu ametupa chemchemi hizo, lakini hapo ni mahali pa watu wote. Nao mto una madhara yake. Penye maji ya polepole na majani hukaa konokono wadogo, ambao hutoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu aogaye. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huwarudia konokono, na ugonjwa huzunguka hivyo daima. Bali maji yaliyotekwa pasipo konokono, yakakaa mtungini siku 2 kamili, vijidudu hivyo hufa ndani yake.

Basi tujenge namna gani?

Kwanza, mahali. Liwe karibu na mlango wa nyuma, ili mke asikatize mbele ya wageni. Tena mbali na kisima hatua 40 au zaidi, upande wa chini. Msilichanganye na choo, maana maji ya kuogea hulijaza shimo upesi na kubomoa kingo zake.

Pili, ukubwa. Mita 2 kwa mita 2 zatosha watu wawili, mmoja akioga na mwenziwe akimtilia maji au akimsugua mgongo. Tusione haya kulisema: Ndoa ni takatifu, na kusaidiana ni kazi yake. Ukuta upite kichwa cha mtu mrefu. Mlango si lazima. Ukuta mmoja na upite mbele ya mwingine, ili aingiaye ajipinde, na aliye nje asione kitu.

Tatu, nguzo. Ziunguzeni ncha za chini kabla ya kuzichimbia, ili mchwa wasizile mapema. Kuta za fito na matete zafaa. Za matofali ya kuchoma hudumu zaidi.

Nne, sakafu. Hapa msifanye haraka. Pangeni mawe ya mtoni, shindilieni changarawe, kisha mwenye uwezo atie saruji na kuiacha ikwaruze kidogo. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita 1. Sakafu ya tope huteleza, na mama mwenye mimba akianguka, msiba umeingia nyumbani.

Tano, maji yatokayo. Chimbeni shimo la mita 1 kwenda chini, mlijaze mawe na vipande vya matofali, kisha mlifunike. Penye udongo mzito usionyonya, yaongozeni kwa mfereji hata migombani. Yakituama, mbu watazaliana humo, na wako miongoni mwao waletao matende.

Sita, vyombo. Mtungi wenye kifuniko, umewekwa juu ya kiweko ili asiiname mtu, kata moja yenye mkono mrefu, vigoda 2, kibao cha sabuni, na kamba ya kutundikia nguo.

Sasa lipo neno kubwa kuliko yote hayo. Nani atateka maji? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Wawili wakitumia ndoo moja moja, mke atajitwika kilo 40 kila siku, kwa safari mbili, naye labda ataoga wa mwisho. Bafu linalomwongezea mke mzigo halikujengwa kwa ajili ya wawili. Bwana wetu aliwatawadha wanafunzi wake miguu, naye alikuwa Mwalimu wao. Je, mume Mkristo ataona aibu kubeba ndoo?

Nanyi walimu, anzeni ninyi. Watu hulisikia fundisho siku ya Jumapili, lakini ua wa mwalimu huutazama siku zote. Mume akionekana njiani na ndoo yake, wengine watacheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili watauliza habari za shimo na mawe.

Fanyeni kazi hii wakati wa kiangazi, kabla masika hayajalowesha udongo. Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, na wote wawili waoge kwa amani.