Wingu Lisiwe Ghala la Pekee la Kazi Zetu

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Laiti wangaliishi kuziona akiba za zama hizi, yamkini wangalituuliza kwanza: akiba yenyewe mmeiweka wapi, na ufunguo wake anao nani?

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ninayemfahamu aliingia katika saiba kupiga chapa tasnifu yake, ambayo ilitakiwa kuwasilishwa kabla ya saa kumi za jioni. Usiku uliotangulia alikuwa ameinakili katika flashi kutoka kwa diski iliyoonekana wazi katika kipakatalishi chake, diski yenye jina na herufi yake kama nyingine yoyote. Flashi ilipochomekwa, faili ilikuwepo na jina lake lilikuwa sahihi, ila ukubwa wake ulikuwa kilobaiti moja tu. Kila alipojaribu kuifungua, tarakilishi ilitaka kwenda mtandaoni. Nao mtandao siku hiyo ulitambaa kama kobe, kwani Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa zimekatika karibu na Afrika Kusini, na athari zake zikafika Kenya na kwa majirani zetu.

Kijana yule alikuwa amebeba anwani ya tasnifu. Tasnifu yenyewe ilikuwa imebaki katika seva, mbali na kipakatalishi chake na mbali zaidi na flashi yake.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu hakikutokana na uvivu wala uzembe. Kilitokana na kutojua, na kutojua huko kumeenea miongoni mwetu walimu kama kulivyoenea miongoni mwa wanafunzi wetu. Tumezoea kuamini kwamba kila kinachoonekana ndani ya tarakilishi kimo ndani ya tarakilishi. Imani hiyo ilikuwa kweli zamani. Leo imekoma kuwa kweli, na hakuna aliyetupigia mbiu.

Yafaa basi tueleze jambo lenyewe linavyofanya kazi. Programu ya wingu inapopachika hifadhi ya mbali katika tarakilishi, husimama katikati kama mkalimani. Mfumo endeshi huuliza, "Diski hii ina nini?" nayo programu hujibu kwa niaba ya seva iliyo ng'ambo, ikitaja majina ya faili, tarehe na ukubwa wake. Ukiifungua faili, programu huiagiza kupitia mtandao na kuiweka kwa muda mahali pa siri. Ukihifadhi, mabadiliko yako hukaa kwanza mahali papo hapo, kisha hupandishwa wingunikwa kadiri mtandao unavyoruhusu. Ukizima mashine kabla hayajafika, kazi yako iko njiani, na mwenzako aliye upande wa pili bado anaona ya jana. Zipo pia nyaraka ambazo huundwa na kuhaririwa wingunimwenyewe, na ambazo katika diski huonekana kama faili ilhali ni kiungo tu cha kukupeleka mtandaoni. Hizo ndizo zilizomponza kijana wetu.

Wazo hili si geni. Mnamo 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilibuni mfumo wa NFS, uliowezesha tarakilishi moja kuitumia diski ya nyingine kana kwamba ni yake. Mfumo huo ulitumika sana katika ofisi na vyuo, ambako seva ilikuwa chumba cha pili na fundi wake aliweza kubishiwa hodi. Mnamo 2005 Linux ilipokea FUSE, nyenzo inayomwezesha mwandishi wa programu kukionyesha karibu kitu chochote kana kwamba ni folda. Leo rclone hupachika makumi ya huduma za wingu kwa njia hiyo, na Google Drive, OneDrive na Dropbox zina programu zao. Kilichobadilika ni umbali. Seva imehama kutoka chumba cha pili hadi bara jingine, na hodi yetu haifiki.

Siandiki haya ili kulilaani wingu. Mwalimu aliyeibiwa kipakatalishi katika matatu na kesho yake akazikuta alama za wanafunzi wake zote salama, hawezi kuambiwa kwamba wingu ni balaa. Wala mwanafunzi ambaye flashi yake iliingiwa na virusi hawezi kuambiwa hivyo. Wingu ni neema. Tatizo huanza pale neema hiyo inapotufanya tutupe kila kingine.

Serikali ya Korea Kusini ilijifunza somo hili kwa uchungu. Ilikuwa na hifadhi ya wingu iliyoitwa G-Drive kwa ajili ya watumishi wa umma, na mnamo 2018 ulitolewa mwongozo uliowataka waweke nyaraka za kazi humo badala ya kuziweka katika tarakilishi za ofisini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliozuka katika kituo cha data mjini Daejeon uliiteketeza G-Drive. Terabaiti 858 za kazi za maafisa zaidi ya 100,000 ziliangamia, kwa kuwa hifadhi hiyo haikuwa na nakala mahali pengine. Ikiwa taifa lililobobea kiasi hicho katika teknolojia liliweza kuyaweka mayai yake yote katika kapu moja, sembuse shule yetu yenye tarakilishi sita na mwalimu mmoja wa kuzisimamia?

Fauka ya moto, yapo mengine. Mnamo Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Google Drive ya tarakilishini waligundua kwamba faili zao zimetoweka. Kampuni ilikiri kasoro katika baadhi ya matoleo ya programu hiyo, kisha ikatoa njia ya kuzirejesha. Masharti nayo hubadilika. Google iliyokuwa ikizipa taasisi za elimu nafasi isiyo na kikomo ilitangaza mnamo Februari 2021 kwamba ukarimu huo ungekoma, na kila taasisi ikapewa kiwango cha msingi cha terabaiti 100 za kugawana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata hivyo, hatari iliyo karibu nasi zaidi haitoki Korea wala Marekani. Iko katika chumba cha walimu. Fikiria folda moja ya idara, yenye maazimio ya kazi, mitihani ya miaka mitano na alama za madarasa yote, iliyopachikwa katika tarakilishi za walimu wanane. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, anaona diski yake imejaa, naye anaamua kufagia. Anafuta folda ile akidhani anafuta nakala yake mwenyewe. Kumbe hana nakala. Anacho kile kile ambacho wenzake wote wanacho. Anachofuta hapa kinafutika kwa wote wanane. Pipa la taka la Google Drive huhifadhi kilichofutwa kwa siku 30 pekee. Likizo ya Desemba ni ndefu kuliko hizo.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba kulandanisha si kuhifadhi nakala. Kilicholandanishwa hufuata kosa lako popote liendapo. Nakala halisi ni ile ambayo kosa lako la leo haliwezi kuifikia.

Tufanyeje basi? Kwanza, kila mwalimu na kila mwanafunzi afanye jaribio dogo jioni ya leo: azime mtandao, kisha afungue faili anayoithamini kuliko zote. Ikifunguka, ajaribu ya pili. Isipofunguka, amekwisha kujua kwamba haimo mkononi mwake. Programu nyingi za wingu zina chaguo la kuifanya faili ipatikane bila mtandao, alitumie.

Pili, nyaraka zilizoundwa wingunizipakuliwe kama faili kamili za kawaida kabla ya kunakiliwa katika flashi, hasa zinapokaribia kuwasilishwa. Tatu, kazi ya thamani iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja yazo ikae mbali na nyingine. Wingu laweza kuwa mojawapo ya hizo tatu, na ni mahali pema kwa nakala ya mbali. Diski ya nje iliyofungiwa katika kabati la mwalimu mkuu yaweza kuwa nyingine. Idara na iteue mtu wa kunakili kila Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho, kisha aichomoe diski hiyo na kuirudisha kabatini, kwani diski inayoachwa imechomekwa hushiriki ajali ya tarakilishi.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuyafundishe haya. Tunawafundisha wanafunzi jinsi ya kuifungua faili na kuihifadhi, lakini ni nadra tuwaulize imehifadhiwa wapi. Swali hilo moja, likiulizwa katika kila kipindi cha tarakilishi, litawafaa kuliko majina mengi ya vifaa wanayokariri kwa ajili ya mtihani.

Yule kijana aliruhusiwa kuiwasilisha tasnifu yake siku mbili baadaye, kwa hisani ya msimamizi wake. Hisani hiyo haikuwa haki yake, na mwingine huenda asiipate. Mtihani hausubiri mtandao, wala wasimamizi wote si wapole. Tusingoje kebo nyingine ikatike ndipo tuanze kuulizana kazi zetu ziko wapi.