Arosto haingoji tarehe ya kesi

Sisi wa Majengo, Mombasa, tuna la kuongeza kwa makala yenu kuhusu mahakama za waraibu. Kijana wa jirani yetu, miaka 16, alishikwa na kete mbili za unga, yaani heroini. Mamake akafunga chapati kwenye leso, akenda kwa mguu hadi mahakama ya watoto pale Tononoka. Alimkuta amejikunja kwenye benchi, kamasi zamtoka, miguu yamtetema. Arosto hiyo, mateso ya mraibu aliyekosa unga. Alichoulizwa mama ni kama ana mdhamini.

Sheria za Kenya si mbovu. Ile ya Watoto ya 2022 yaruhusu mtoto aepushwe na kesi, apewe nasaha, afuatiliwe. Ya mihadarati ya 1994 nayo yampa hakimu uwezo wa kuamuru mraibu atibiwe. Kule Miami, Marekani, walianza mahakama ya waraibu 1989, ya watu wazima, na kazi yake kubwa ni kwamba hakimu mwenyewe amwita mraibu mara kwa mara, amuulize hali, aangalie majibu ya mkojo.

Haya, hakimu wetu aamuru. Atibiwe wapi? Kituo tulichomtafutia kilitaka pesa za miezi mitatu mbele, tena alale chumba kimoja na watu wa umri wa babake. Apelekwe Borstal ya Shimo la Tewa, kizuizi cha vijana wakosaji? Huko ni miaka mitatu, kwa kete mbili!

Na akirudi, maskani ya unga ni palepale, hatua chache kutoka mlangoni kwao. Mwandishi, hilo mbona hukuligusa?